Sikio la Bibi Kizee

Wasukuma wana ngano ambayo karibu kila mtoto wa Mwanza ameisikia, ila si kila mtoto ameisikia mpaka mwisho. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilivamia nchi likameza watu wote na mifugo yao. Alinusurika mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza watu wako wapi, na baba yake yuko wapi. Mama akamweleza. Basi akashika upinde. Siku ya kwanza akarudi na panzi: "Mama, ndiye huyu aliyemmeza baba?" "Siye, mwanangu." Akarudi na ndege. Siye. Akarudi na swala. Siye. Mwishowe akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakaanza kutoka mmoja baada ya mwingine, baba yake akiwamo, ng'ombe na mbuzi wakifuata.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, vigelegele vikilia. Lakini kisu kilichopasua tumbo kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi yule hakushukuru kuokolewa. Alikasirika, akaapa kumroga kijana. Masala Kulangwa akaenda porini kutafuta dawa, akamtibu sikio mpaka likapona. Ndipo akasimikwa kuwa mtemi.

Kipande hicho cha sikio nilikipata Kamanga, ng'ambo ya jiji, upande wa Sengerema, nikisubiri kivuko cha kurudi Mwanza. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amekalia ndoo yake, mfuko wa dagaa kando, wajukuu wawili wakimsumbua. Nilimwamkia "Mwangaluka mayu," akaitikia, tukaanza kuongea habari za zamani. Alisimulia vizuri. Tumbo lilipopasuka wale watoto wakapiga makofi na kutaka kukimbilia maji. Akawashika mikono. "Kaeni. Sikio bado."

Nimekuja kuamini kwamba historia nzima ya mwambao huu wa Ziwa Victoria, kwa namna watu wake walivyojiuguza na walivyoumizana, imo katika kile kipande kinachorukwa. Ngano humtibu mtu anapoingia ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. Akisukumizwa ndani na wenzake, humuua. Na yote mawili yametokea hapa, pengine katika kijiji kimoja, ndani ya mwaka mmoja.

Tuanze na tiba. Kabla ya hospitali, na hata baada yake, mgonjwa wa Usukuma au Uzinza alikwenda kwa mfumu, yaani mganga. Desturi ilitaka mgonjwa asiseme kinachomsumbua. Mfumu ndiye aliyetakiwa kukigundua. Kwa kawaida alichinjwa kuku, akapasuliwa, na mfumu akasoma ndani yake: upande huu ni wa kuumeni, ule wa kuukeni, alama hii ni ya babu aliyesahauliwa, ile ni ya jirani mwenye kinyongo. Alipokuwa akieleza, mteja aliitikia au alinyamaza, na mfumu mzuri alijua kusikiliza ukimya. Mtu aliingia akiwa na maumivu ya mgongo yasiyo na jina, akatoka akiwa mjukuu wa fulani, ambaye masamva, yaani mizimu ya ukoo, wanamdai kumbukumbu. Alijengewa kibanda kidogo cha mizimu uani, akavaa ushanga au simbi aliyoagizwa, akamwaga pombe. Ugonjwa wake ulikuwa umepata mwanzo, na penye mwanzo mtu anaweza kutafuta mwisho.

Upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, kwa Wazinza na kuendelea hadi Buhaya, Bunyoro na Ankole, kulikuwa na njia nzito zaidi: uchwezi. Bachwezi ni watawala wa kale wa masimulizi, akina Ndahura na Wamara, ambao inasemekana hawakufa bali walitoweka, na mizimu yao ikabaki ikiwapanda watu. Mugasha ndiye mwenye ziwa na dhoruba zake. Mwanamke aliyepoteza mimba mara kwa mara, au kijana aliyeanza kuweweseka, angeweza kuambiwa kwamba amechaguliwa na mmoja wao. Aliingizwa chamani kwa ibada ndefu, akapewa jina jipya na kufundishwa maneno ambayo watu wa nje hawakuyajua. Aliyekuwa mzigo wa familia akawa mtu wa kuogopwa kidogo na kuheshimiwa. Mwanahistoria Iris Berger, aliyechapisha kitabu chake juu ya dini na falme za eneo hili mwaka 1981, alionyesha jinsi wanawake hasa walivyopata humo sauti ambayo hawakuipata kwingine. Wamisionari waliuita ushetani. Mimi sitawatetea waganga wote, maana matapeli hawakuzaliwa jana, lakini ukiuliza kilichokuwa kikifanyika pale, jibu ni kwamba mtu aliyeumizwa alikuwa anapewa nafasi katika hadithi kubwa kuliko yeye, na ukoo wake ukiwa shahidi.

Baadhi ya mapadre waliliona hilo. David Clement, mmisionari Mkanada wa White Fathers ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alijenga Bujora, karibu na Kisesa, mahali ambapo ngoma na vitu vya watemi vilihifadhiwa badala ya kuchomwa. Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo mwaka 1968. Kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo, Wagika na Wagalu bado hushindana kucheza, wakirudia ushindani wa waasisi wao, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Mapadre wengine, kama Donald Sybertz wa Maryknoll, walimweka Masala Kulangwa kando ya Kristo na kuwauliza waumini wanaona nini. Sina hakika bibi wa Kamanga angekubali ulinganisho huo. Kristo alilirudisha sikio la mtumishi wa kuhani mkuu, lakini aliyelikata ni Petro. Masala Kulangwa alilikata mwenyewe.

Sasa tuvuke hadi kisiwa cha Ukerewe, kwa mtu ambaye angefaa kuwa na sanamu mjini Nansio.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, na alizaliwa ugenini. Babu yake alikuwa Machunda, omukama, yaani mfalme, wa Ukerewe. Machunda alipofariki, mwanawe Lukonge akashika kiti mwaka 1869, na kwa kaka na wadogo zake kisiwa kikageuka mahali pa hatari, kwa kuwa kila mwana wa mfalme alihesabiwa mshindani. Baba yake Kitereza akakimbilia Usukuma. Lukonge ndiye yule ambaye Desemba 1877 watu wake waliwaua wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara Songoro, aliyeuawa pia. Wajerumani walimwondoa mwaka 1895 na kumweka Mukaka. Baba alifariki Aniceti angali mdogo, na mama akamrudisha kijana kisiwani, kwa ndugu waliotawala. Ni vigumu kwangu kutomwona hapo yule mama wa kwenye lundo la makapi: mtawala amemeza ndugu, mwanamke amejificha nje ya nchi na mtoto wake, na mtoto anarudi akiuliza watu wako wapi.

Alipata majibu kwenye baraza la Mukaka, ambako wazee walikaa wakisimulia jinsi ukoo wa Wasilanga ulivyotoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, ukaja kutawala kisiwa. Aliyasikia akiwa mtoto wa ukoo, na hakuyasahau. Misheni ilimbatiza, ikampeleka seminari ya Rubya, huko Kagera ya leo, akajifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani. Hakuwa padre. Alirudi, akafanya kazi za ukarani, akafundisha dini na kufasiri maandiko kwa Kikerewe katika misheni ya Kagunguli. Alimwoa Anna Katura.

Hawakubakiwa na mtoto. Katika jamii ya wakati ule hilo lilikuwa jeraha la wazi, lililoguswa kila siku na kila mtu. Mume asiye na mtoto alishauriwa aoe mwingine, na mke asiye na mtoto alisemwa nyuma ya mlango na mbele yake. Kitereza alikuwa Mkatoliki, na kwa kadiri matendo yake yanavyoonyesha, alikuwa pia mtu aliyempenda mkewe. Hakuoa mwingine.

Alichofanya ni kuandika. Padre Almas Simard, Mkanada aliyekuwa Ukerewe, alimhimiza aweke kwenye karatasi mila na masimulizi ya Wakerewe kabla wazee hawajaisha. Kitereza angeweza kuandika orodha ya mila, kama wengi walivyofanya kwa ajili ya wazungu: ndoa ni hivi, mazishi ni vile. Yeye aliamua kuandika hadithi ya mume na mke. Mwaka 1945 alikuwa ameimaliza, kwa Kikerewe, riwaya ambayo kwa Kiswahili inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali.

Myombekere na Bugonoka wanapendana na hawana mtoto. Ndugu za mume wanamdhihaki mke na kumshinikiza mume aoe tena. Wazazi wa Bugonoka wanachoshwa na matusi, wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere hasikilizi ndugu zake. Anakwenda ukweni kumwomba arudishiwe mke, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Hapo Kitereza anapunguza mwendo mpaka msomaji wa mjini anaanza kutazama saa. Unaonyeshwa ndizi zikikatwa, zikifukiwa shimoni ziive, zikisagwa kwa nyasi mpaka maji yatoke, mtama ukiongezwa, mtumbwi wa pombe ukifunikwa na kungojewa. Wahakiki wengine wamelalamika kwamba hizi ni kurasa za mtaalamu wa mila, si za mwandishi wa riwaya. Nadhani wamekosea. Mwanamume anayemtengenezea mkewe pombe ya kumrejesha, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, anatamka upendo wake kwa lugha pekee ambayo jamii yake inaikubali.

Mke anarudi. Wanakwenda kwa mganga, na hapo tena Kitereza hana haraka: dawa, miiko, kile mume anachotakiwa kufanya na kile mke anachokatazwa. Wote wawili wanatibiwa. Hakuna mahali mganga anamwambia Bugonoka kwamba kosa ni lake peke yake. Kisha anazaliwa Ntulanalwo, mvulana ambaye jina lake limebeba kifo kinachokaa na watu nyumbani, na baadaye binti, Bulihwali, ambaye jina lake linauliza majonzi yatakwisha lini. Wazazi waliozoea huzuni hawakuthubutu kuwaita watoto wao kwa majina ya furaha. Ntulanalwo anakua, na miongoni mwa mambo yake makubwa anaua chatu, akafanyiwa ibada zinazompasa muuaji wa mnyama huyo. Mzao wa watu waliosemwa kuwa hawazai anasimama mahali pa shujaa wa ngano, aliyemshinda nyoka mmezaji.

Kitereza alimpa Myombekere yale yaliyomtokea yeye na Anna, halafu akampa na yale ambayo hayakumtokea. Aliwaweka nyuma ya wakati wa wazungu, katika Ukerewe ya babu yake, ambako kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kwa maneno mengine alijifanyia mwenyewe kazi ya mfumu: aliichukua huzuni isiyo na mwanzo akaitafutia ukoo. Sitadai kwamba alipona. Lakini maisha yake yote hakuacha kukishughulikia kitabu kile, na hilo linaniambia kwamba hakikuwa kazi ya kuagizwa na padre.

Mambo ya uchapishaji yalikuwa ya kukatisha tamaa. Simard alitafuta mchapishaji, hakufanikiwa, akafariki. Nani angenunua kitabu kikubwa kwa lugha ya kisiwa kimoja? Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Gerald na Charlotte Hartwig, Wamarekani, mume akitafiti historia ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu. Walimkuta mzee anayeteswa na ugonjwa wa viungo, na mswada wake. Ilionekana kwamba njia pekee ni Kiswahili, na Kitereza, mwenye zaidi ya miaka 70, vidole vikiwa vimekakamaa, akaifasiri riwaya yote mwenyewe. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, ikichapwa China. Kitereza alifariki tarehe 20 Aprili 1981, Jumatatu ya Pasaka, kabla ya kuishika nakala ya kitabu chake. Baadaye Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mwana wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe.

Kuna jambo moja hunichekesha kila nikilifikiria. Mwaka 1925 Carl Gustav Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi, alisafiri mpaka Mlima Elgon kutafuta jinsi ngano na ndoto zinavyokaa ndani ya binadamu. Aliwauliza wenyeji habari za ndoto zao. Mzee mmoja, mganga, alimjibu kwa huzuni kwamba tangu Waingereza waje hakuna tena anayeota, kwa kuwa mkuu wa wilaya ndiye anayejua kila kitu. Jung aliyabeba maneno hayo mpaka uzeeni. Kusini ya hapo, kwenye kisiwa cha Ukerewe, karani aliyejua Kijerumani vizuri, ambaye wangeongea bila mkalimani, alikuwa na ndoto ya kutosha kurasa mamia.

Huo ndio upande wa tiba. Upande wa pili hauna kurasa nzuri.

Bibi kizee wa kwenye ngano aliapa kuroga. Katika Usukuma ya karne ya 20, wazee wengi wa kike hawakuapa lolote. Walikuwa na macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe jikoni miaka 50, na hiyo ikawa alama tosha. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, mwenye msiba alikwenda kwa mganga, na mganga aliyekosa utu alimwelekeza kwa mama mmoja mjane mwenye shamba. Wakati mwingine shamba ndilo lililokuwa kiini cha kesi. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 haikuzuia. Sungusungu wa miaka ya 1980, walioanza kwa kupambana na wezi wa ng'ombe, nao mahali pengine waligeukia "wachawi". Mapanga yalifanya kazi usiku. Kile alichokifanya Masala Kulangwa, yaani kukiri kwamba kisu chake kimemjeruhi mama wa watu na kwenda kutafuta dawa, hakuna aliyekifanya. Mwenye msiba alipewa hadithi tayari, mchawi akiwa ameshatajwa, na akaichukua kwa sababu ilimpa wa kumlaumu.

Halafu mnamo mwaka 2007 yakaanza mauaji ya watu wenye ualbino. Chini yake kulikuwa na ngano ya zamani: zeruzeru hafi, hutoweka. Imani isiyo na madhara ukiisikia kwa kupita, lakini mtu anayesemwa kwamba hafi, kumkata kiungo huonekana si kosa. Juu ya ngano hiyo ya zamani ilipachikwa mpya, ya machimbo ya dhahabu na nyavu za samaki, kwamba kiungo chake huleta utajiri. Kanda ya Ziwa ikapata jina baya duniani. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyeongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alijifanya mfanyabiashara na kuwaendea waganga, wakamtajia bei. Baada ya kuitangaza habari hiyo ilimbidi ajifiche. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na mapema mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi wote, wazuri na wabaya kwa pamoja.

Josephat Torner alichagua njia nyingine. Yeye mwenyewe ana ualbino. Wakati wengi walikuwa wakijificha, alifunga safari kwenda vijijini, hata palepale palipotokea mashambulizi, akasimama mbele ya watu na kueleza maisha yake: kwamba ana mke na watoto, anakula, anaugua. Harry Freeland, mtengeneza filamu wa Uingereza, alimfuata kwa miaka sita, na filamu ikatoka mwaka 2012. Sehemu yake kubwa inamhusu pia kijana mmoja wa Ukerewe aliyetaka tu kurudi shule. Torner alipanda na Kilimanjaro, maana ilisemwa kwamba mtu kama yeye hawezi. Kinachonivutia katika mikutano ile ni kwamba hakuanza kwa kuitukana imani ya watu. Aliwaacha waulize. Mtu anayedaiwa kuwa hafi akasimama juani, ngozi imeungua, akijibu maswali ya wazee mmoja mmoja. Ngano waliyompachika akaijibu kwa maisha yake, hadharani, na wengine waliondoka wakiwa kimya kuliko walivyokuja.

Wakati ule watoto wengi wenye ualbino waliondolewa makwao kwa usalama wao, wakapelekwa bweni, kama Mitindo kule Misungwi na Buhangija kule Shinyanga. Walilindwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini baadhi ya wazazi hawakurudi kuwatazama, na mtoto aliyeingia na miaka mitano alikulia mahali ambapo hakuna bibi wa kumwambia yeye ni wa ukoo gani, babu yake alihama kutoka wapi, ni nani aliyepewa jina lake kabla yake. Wanajua Kiswahili cha shule, hesabu na sala. Habari za kwao wamezipata kwa redio, na kwenye redio kwao kulitajwa kwa sababu moja tu.

Wengi wao wamemaliza shule sasa. Wapo walimu, wapo mafundi, wapo waliorudi kijijini na kukuta shamba limegawanywa. Nimewahi kumsikia mmoja, dada wa umri wa chuo, akiulizwa kama angependa kuandika habari zake. Alisema kwanza aende kwao akaulize, maana hajui aanzie wapi. Kitereza alipomaliza kitabu chake alikuwa na miaka 49. Wengi wa watoto wale hawajafika 35.